Nukta Milioni Saba

Picha ya marehemu bibi yangu, mzaa mama, iliyopigwa katika studio moja mjini Tanga katika miaka ya 1950, ilikaa ndani ya kasha kwa zaidi ya nusu karne. Na siku ilipotolewa humo, unyevu wa pwani ulikuwa umekwisha kuifisidi: karatasi imekuwa ya manjano kama nguo iliyomwagikiwa mchuzi wa bizari, ukungu umetapanya madoa juu ya kanga na mashavu, na mkunjo mmoja umeshuka kutoka sikio la kulia hata begani mithili ya njia ya mchwa. Mpwa wangu, binti aliyekulia katika kompyuta kama watoto wa wavuvi wakuliavyo majini, aliiskani picha hiyo, akanitilia programu ya kuhariri picha iitwayo GIMP katika laptopu yangu, kisha akaniambia, "Mjomba, hii ni kazi ya jioni moja." Ilinichukua siku 19, na sita za mwanzo katika hizo sikutenda lolote la maana ila kughadhibika peke yangu.

Sidhani kwamba mimi ni mzito wa fahamu kuliko wenzangu, maana nimesomesha hesabu kwa miaka 31, na nimewahi kuifungua cherehani nzima na kuifunga tena pasi na kubakisha parafujo mkononi. Lakini siku ya kwanza nilishika brashi, nikachagua rangi, nikapaka juu ya mkunjo ule. Brashi ikaenda na kurudi kama ufagio katika ua mtupu, na picha isibadilike hata chembe. Sababu yake, niliyoelezwa kwa simu usiku ule baada ya shikamoo na marahaba na kuulizana hali za nyumbani, ni kwamba asubuhi nilikuwa nimezungushia alama eneo dogo, kiasi cha punje ya mchele, katika pembe ya picha, nikalisahau; na programu ikishapewa mipaka haipokei rangi nje ya mipaka hiyo, wala haikukumbushi. Siku ya pili rangi ilipokewa, ila ilipokewa na tabaka la chini, lile ambalo vijana huliita leya, lililofunikwa na tabaka jingine juu yake, nikawa mtu apakaye chokaa ukuta ulio nyuma ya kabati. Siku ya nne nilifanikiwa kuondoa doa moja, nikaihifadhi kazi kwa furaha, nikampelekea mama mdogo katika simu yake. Naye akajibu kwamba ameletewa kitu kisichofunguka. Ndipo nilipojua kwamba GIMP ikiamriwa kuhifadhi huhifadhi kwa muundo wake yenyewe, uitwao XCF, wenye matabaka yote ndani yake, ambao simu aghalabu haziujui. Na picha ya kupelekea watu hutolewa kwa amri nyingine mbali. Amri mbili kwa jambo ambalo mimi nalidhani ni moja! Niliifunga laptopu, nikaenda zangu barazani kucheza bao.

Huko barazani ndiko nilikoipata nusu ya jawabu. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na mzee niliyecheza naye, ambaye hunifunga kila siku kwa huruma, hazihesabu kete. Hutupa jicho mara moja akaona shambulio, akaona na balaa litakalofuata. Nikakumbuka niliyowahi kuyasoma. Mwaka 1956 George Miller, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika makala mashuhuri kwamba akili huweza kushika kwa wakati mmoja mambo kiasi cha saba, yakizidi mawili au yakipungua mawili. Na mwaka 2001 Nelson Cowan akaishusha idadi hiyo hata ikawa kama manne. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon waliwaonyesha wachezaji wa sataranji, au chesi kama isemwavyo siku hizi, ubao wenye mchezo wa kweli kwa sekunde tano tu: bingwa akaukumbuka sehemu yake kubwa na mwanagenzi akakumbuka vipande vichache. Lakini vipande vilipotawanywa ovyo ubaoni, ubingwa ule ukakaribia kutoweka. Basi bingwa hana kumbukumbu kubwa kuliko mwanagenzi. Analo fungu moja mahali ambapo mwanagenzi ana vitu kumi vilivyotawanyika.

Nami kabla brashi haijagusa picha nilitakiwa kujua nimeshika zana gani, niko katika tabaka lipi, mipaka iko wapi, rangi ni ipi, brashi ina upana gani, na rangi yenyewe inapenya kwa kiasi gani. Hayo ni mambo sita, na akili yangu ina nafasi nne. John Sweller wa Australia alionyesha mwaka 1988 kwamba mwanafunzi anayetumia nguvu zake zote kulitafuta jawabu huweza kulipata, na bado asibakiwe na nguvu ya kujifunza kitu kutokana nalo. Na hiyo ndiyo hali yangu hasa, kwani doa lile moja nililoliondoa siku ya nne, siku ya tano sikujua nililiondoaje. Mpwa wangu huyashika yote sita kwa pamoja, na kwa hiyo hana tena habari kwamba ni sita. Akinifundisha husema, "Bofya tu hapo."

Nusu ya pili ya jawabu ilikuwa ni kujua kitu ninachokigusa ni kitu gani. Mwaka 1957, katika Ofisi ya Taifa ya Vipimo ya Marekani, Russell Kirsch na wenziwe waliunda chombo cha kuisomea kompyuta picha, na miongoni mwa picha za mwanzo kabisa walizopitisha humo ni ya mwanawe mchanga, Walden, mwenye umri wa miezi mitatu. Uso wa mtoto yule uligawanywa katika vijiraba 176 kwa 176, ambavyo jumla yake ni 30,976, na katika msomo mmoja kila kijiraba kiliandikwa ama nuru ama giza, pasi na la kati. Vijiraba hivyo ndivyo tuviitavyo leo pikseli. Picha ya bibi yangu, yenye sentimita 9 kwa 14, iliyoskaniwa kwa nukta 600 katika kila inchi, ina pikseli zaidi ya milioni saba, na kila moja imeandikwa kwa namba tatu baina ya 0 na 255: namba ya wekundu, ya kijani na ya buluu. Kwa hiyo faili lile ni jadweli lenye namba milioni 21 na ushei, na humo hamna bibi. Hamna shavu, wala kanga, wala doa. Mimi kwa siku sita nilikuwa nikiiamuru mashine iondoe mkunjo, nayo haikuwa na habari ya mkunjo. Ilikuwa na namba ndogo zilizopangana katikati ya namba kubwa. Nilipolifahamu hilo nilijiona mwalimu wa hesabu aliyepotea njia ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Tangu hapo ghadhabu ilianza kupoa. Kwa nasaha ya mpwa wangu nilipiga nakala ya picha nzima, yakawa matabaka mawili, la asili chini na la kazi juu, nikaapa kutoligusa la chini. Kisha nikashika zana yenye sura ya kidondosha-dawa, isomayo namba za pikseli, nikaiweka juu ya ukingo wa karatasi, ikasoma 226, 208, 166. Karatasi nyeupe ingetoa namba tatu zinazokaribiana. Hapa namba ya buluu imeanguka. Umanjano uliokuwa ukinisumbua haukuwa kitu kilichoongezwa, bali ni buluu iliyopungua. Hili lina asili yake katika jicho la mwanadamu, ambalo hupokea rangi zote za dunia kwa aina tatu tu za chembe. Thomas Young alilihisi mwanzoni mwa karne ya 19, na James Clerk Maxwell akalithibitisha mjini London mwaka 1861 kwa utepe mmoja wa rangi rangi uliopigwa picha mara tatu, nyuma ya vichujio vitatu, kisha picha tatu zikaangazwa pamoja ukutani. Niliiinua buluu, nikaigusa kijani kidogo, na manjano ya miaka sitini ikaondoka pasi na kupaka hata tone la rangi.

Uso, hata hivyo, ulikuwa umezama gizani, na hapo nilifanya kosa la kila mgeni: niliongeza 40 katika kila namba. Mashavu yakawa ya kijivu kama jivu la mkaa, na kanga ikapoteza maua yake, kwa kuwa namba 220, 230 na 245, zilizokuwa nyeupe tatu mbalimbali, zote ziligonga dari la 255 na kuwa nyeupe moja. Lipo na jambo la siri zaidi. Mtu angedhani kwamba 128 ni nusu ya nuru. Lakini katika mfumo wa sRGB, uliotungwa mwaka 1996 na kutumiwa karibu katika kila kioo cha kompyuta, 128 ni kama asilimia 22 tu ya nuru ya 255. Mpango huo hulingana na jicho: mshumaa ukiwashwa katika chumba cha giza kila mtu atageuka, na ukiwashwa uani adhuhuri hapana atakayeujua, nao mpango huo umelipa giza namba nyingi, na mwangaza chache. Ndiyo maana ustadi hauko katika kuongeza kwa wote sawasawa. Upo mstari ambao huvutwa ukapinda, ukaziinua namba za chini na kuziacha za juu mahali pake. Niliuvuta kidogo mno, kiasi cha upana wa ukucha, na macho ya bibi yakafunguka.

Katika kutafuta zana nilishangazwa na alama moja, kijiti chenye kibati cha duara, isiyofanana na kazi yoyote niijuayo. Kumbe ni masalio ya chumba cha giza. Fundi wa zamani, alipokuwa akiimulikia karatasi picha kutoka katika negativu, alikishika kibati cha namna hiyo katikati ya nuru ili mahali pamoja pasiwe peusi mno, na alipotaka pazidi weusi alikunja kiganja akaacha nuru ipite pale pale. Thomas Knoll, aliyeanza kuandika programu ya picha mwaka 1987 akiwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Michigan, na nduguye John, aliyekuwa akifanya kazi ya hila za sinema, walikua katika nyumba ambayo baba yao alikuwa na chumba cha giza. Na programu yao, iliyotolewa na Adobe mwaka 1990 kwa jina la Photoshop, ilivirithi vitu hivyo, navyo vikaingia katika GIMP, ambayo Spencer Kimball na Peter Mattis, wanafunzi wa Berkeley, waliianza mwaka 1995 na ambayo haiuzwi.

Ajabu kubwa kuliko zote ni zana ya kunoa picha. Mafundi wale walitengeneza nakala hafifu ya negativu, wakaifanya kwa makusudi iwe na ukungu, wakaibandika pamoja na negativu yenyewe; ukungu ukameza tofauti pana za nuru na giza, zikabaki kingo. Programu hufanya vivyo hivyo kwa kutoa na kujumlisha: hutengeneza nakala yenye ukungu, huitoa katika picha, na kile kinachosalia hukirudisha juu ya picha. Nililifanya mara moja kwa mkono juu ya karatasi, kwa namba tisa tu, ili niamini.

Mkunjo na madoa niliyatibu kwa zana ya kuponya. Zana ya kunakili huchukua namba za mahali pamoja ikazipandikiza pengine, na huacha kiraka kinachoonekana. Ya kuponya huchukua tofauti zilizopo baina ya pikseli na jirani zake, ikazilinganisha na nuru ya kule ziendako, hata mshono usionekane. Kwa siku nane niliponya madoa, asubuhi na baada ya alasiri, nikiyakuza mara nane katika kioo. Katikati ya hizo nilipatwa na msiba mdogo: nilikuwa nikimpelekea mama mdogo picha ya JPEG, kisha, kwa uvivu, naichukua hiyo hiyo na kuiendeleza, hata siku moja nikaona shavu limegawanyika kuwa miraba. JPEG, kipimo cha mwaka 1992, hukata picha katika mafungu ya pikseli 8 kwa 8, yaani 64, sawasawa na kete za bao, na kila fungu hugeuzwa kuwa mawimbi kwa njia ya hesabu ambayo Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India, aliitangaza na wenziwe mwaka 1974. Kisha vijiwimbi ambavyo jicho haliwezi kuvishika hupunguzwa au hufutwa. Kila uhifadhipo hupoteza kidogo. Nikarudi katika faili langu la XCF, lile nililolitukana siku ya nne, nikalikuta halina upungufu wowote.

Siku ya 18 nilimpelekea mama mdogo picha iliyokamilika, isiyo na doa hata moja. Alinyamaza saa nzima, kisha akapiga simu. "Ahsante, mwanangu, umemrudisha mama. Lakini kipini chake umekipeleka wapi?"

Nilikimbilia laptopu. Juu ya pua, upande wa kushoto, palikuwa na ngozi laini, nzuri, niliyoiponya mwenyewe. Kwani katika madoa mamia ya ukungu lilikuwapo moja jeupe, lenye upana wa pikseli 11, nami nililibofya kama nilivyoyabofya mengine, na mashine, isiyojua doa wala kipini, ilitii. Nililitafuta tabaka la juu, nikashika ufutio, nikafuta mahali pale pale hata tabaka la chini likachungulia. Kipini kilirudi, lakini kwa kuwa tabaka la chini halikuwahi kuguswa, kilirudi na umanjano wake: 233, 214, 170. Nikataka kukisawazisha ili kifanane na uso. Kwanza nikampigia mama mdogo kumwuliza kilikuwa cha fedha au cha nini, akasema kilikuwa cha dhahabu. Nikakiacha vile vile.