Meli haimsubiri mtu: Familia inavyoweza kupanga siku za bandarini katika safari ya kwanza ya Karibi

Bibi amekuja kutoka Tanga kuwaona wajukuu wake Houston, na familia imeamua kumpeleka baharini. Wameshuka kwenye kisiwa cha kwanza. Bibi anauliza meli inaondoka saa ngapi. Mjukuu wa miaka tisa anatazama ratiba kwenye simu na kujibu, "Saa tano." Bibi anatulia. Saa tano ni usiku, kuna mchana mzima wa kutembea.

Kumbe mjukuu amesoma saa za Kizungu. Meli inaondoka saa 11 jioni, na abiria wote wanatakiwa wawe ndani saa 10 na nusu.

Kisa hiki kinaweza kutokea katika nyumba yoyote ambako watoto wanasoma saa shuleni kwa Kiingereza na wazee wanazihesabu kwa Kiswahili. Nyumbani ni jambo la kuchekesha. Bandarini linaweza kuigharimu familia tiketi za ndege na usiku wa hoteli katika nchi ambayo hawakupanga kulala. Kwa hiyo kabla ya kubishania ufukwe upi ni mzuri, wazazi waamue familia itazungumza saa za aina gani, na muda wa kurudi uandikwe kwenye karatasi moja ambayo kila mtu ataibeba.

Kwa familia nyingi za Waswahili wanaoishi Texas, safari ya kwanza ya namna hii huanzia Galveston, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Houston. Njia mojawapo ni ya siku 7, inayopitia Cozumel nchini Mexico, George Town katika visiwa vya Cayman, na Falmouth nchini Jamaica. Siku nyingine ni za bahari tupu. Bandari tatu zinaonekana chache kwenye tangazo, lakini kwa mwenye watoto wadogo na mzee zinatosha kabisa.

<b>Saa tisa ambazo si saa tisa</b>

Ratiba ikisema meli itakuwa bandarini kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, mzazi huona saa tisa za kutembea. Ukweli ni mdogo kuliko huo. Kushuka, foleni ya ukaguzi na kumtafuta dereva kunaweza kula saa nzima. Jioni, mwisho wa kupanda ni nusu saa au zaidi kabla ya meli kung'oa nanga. Mzazi mwenye busara huongeza saa nyingine ya akiba, kwa sababu mtoto atataka choo barabarani na barabara ya kisiwani inaweza kufungwa na lori moja tu lililoharibika. Zinabaki saa sita, na chakula cha mchana kimo humo humo.

Halafu kuna simu. Ikikamata mtandao wa nchi kavu, hujibadilisha yenyewe na kuonyesha saa za pale. Cozumel, Cayman na Jamaica hazisogezi saa mbele majira ya kiangazi kama inavyofanya sehemu kubwa ya Marekani. Meli iliyotoka Miami mwezi Julai ikiamua kubaki na saa za Miami, itakuwa mbele ya visiwa hivyo kwa saa moja. Anayefuata simu yake atafika gatini akiamini ana dakika 40 mkononi, na meli imeshaondoka. Kutoka Galveston mambo ni nafuu, kwa sababu kiangazi saa hulingana, na majira ya baridi visiwa ndivyo huwa mbele, hivyo anayekosea atafika mapema. Hata hivyo meli nyingine hubadili saa zake njiani na nyingine hazibadili. Tangazo la nahodha na karatasi ya ratiba ya siku ndivyo vya kufuatwa. Saa ya mkononi ya bei ndogo, iliyowekwa saa za meli na isiyoguswa, ni ulinzi mzuri kuliko simu ya bei kubwa.

Hesabu hiyo ndiyo inayoamua pia kama familia inunue matembezi yanayouzwa na meli au itafute mwenyeji bandarini. Ya meli ni ghali zaidi, wakati mwingine kwa tofauti inayouma. Lakini basi la matembezi ya meli likichelewa, meli kwa kawaida hulisubiri, na ikishindikana kampuni huwapeleka abiria hao hadi bandari inayofuata. Familia iliyokwenda kivyake haina haki hiyo. Tofauti nyingine huonekana hali ya hewa inapochafuka na nahodha akaruka bandari. Aliyelipia kwenye meli hurudishiwa fedha zake, ilhali aliyelipa kwa mwenyeji atategemea masharti ya mwenyeji huyo. Msimu wa vimbunga huanza Juni 1 hadi Novemba 30, na Agosti hadi Oktoba ndipo hukolea, kwa hiyo jambo hili si la kinadharia kwa wanaosafiri likizo ya shule.

Njia ya kati inafaa wengi: mahali pa mbali waende na meli, mahali pa karibu wajipeleke wenyewe.

<b>Bandari tatu, mambo matatu</b>

Cozumel ndiyo inayowaponza wageni wa kwanza, kwa sababu kila picha ya eneo hilo inaonyesha magofu ya Tulum. Tulum haiko Cozumel. Iko bara, na kufika huko ni feri ya kama dakika 45 hadi Playa del Carmen, kisha basi la karibu saa moja, halafu kurudi vivyo hivyo. Kati ya zile saa sita, zaidi ya nusu zinaishia njiani, na mtoto wa miaka minne atakuwa ametapika kwenye feri. Kisiwani kwenyewe kuna San Gervasio, magofu madogo ya Wamaya, ambako wanawake walivuka bahari kwa mitumbwi kuja kumwomba mungu wao wa kike Ixchel awajalie uzazi. Hayana ukubwa wa Tulum, lakini historia yake bibi ataielewa bila kutafsiriwa. Baada ya hapo, bustani ya ufukweni ya Chankanaab inatosha kumaliza siku. Wasiojua kuogelea wabaki upande wa magharibi wa kisiwa, ulio mtulivu. Upande wa mashariki unapendeza kwa picha, ila mawimbi na mikondo yake ni mikali.

George Town haina gati la meli kubwa za watalii. Meli hutia nanga nje na abiria hushushwa kwa boti. Familia ikate muda mwingine hapo, kwa sababu foleni ya boti hurefuka asubuhi na alasiri, na mzee mwenye magoti mabovu ajue mapema kwamba atavuka kutoka chombo kimoja kwenda kingine vyote vikichezacheza. Watu wengi huenda Stingray City, fungu la mchanga katikati ya bahari ambako samaki aina ya taa huwazunguka watu. Kwa mtu mzima maji hufika kiunoni au kifuani, kwa hiyo mtoto wa miaka mitano hapati pa kukanyaga. Avae jaketi la kuokoa maisha tangu kwenye boti, na mzazi amshike yeye, si simu. Bibi wa Tanga anaujua mwiba wa taa na huenda akagoma kuingia majini. Ana haki. Walio ndani watembee kwa kuburuta miguu, wasije wakamkanyaga taa aliyejifukia mchangani. Asiyetaka hayo yote apande teksi hadi ufukwe wa Seven Mile, aketi kivulini. Bei zikiandikwa kwa dola ya Cayman, mzazi akumbuke kwamba dola hiyo moja ni dola 1.20 za Marekani, kwa hiyo kila kitu ni ghali kuliko kinavyoonekana.

Falmouth ni mji wa karne ya 18 uliotajirika kwa sukari, na sukari hiyo ilitoka kwa jasho la Waafrika waliokuwa watumwa. Watoto wa familia za Kiafrika wakielezwa hilo kabla ya kushuka, watautazama mji kwa macho mengine. Watu wengi hukimbilia maporomoko ya Dunn's River, karibu na Ocho Rios, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa basi. Pale watu hupanda miamba yenye maji yanayotiririka wakiwa wameshikana mikono, na viatu vya majini ni lazima. Ni raha kwa mtoto wa miaka kumi na baba yake. Kwa mjamzito, mzee au mwenye mtoto mgongoni, hapana. Karibu na mji kuna mto Martha Brae, ambako vyelezo vya mianzi hubeba watu wawili wawili na mpiga pondo husimama mbele. Bibi na mjukuu mmoja hapo, baba na wakubwa Dunn's River, mama abaki melini na kichanga. Familia kugawanyika kwa siku moja si dhambi, mradi kila kundi liwe na mtu mzima mwenye ile karatasi ya muda.

Na si lazima kila bandari ishukiwe. Meli ikiwa bandarini, mabwawa yake huwa matupu na foleni ya chakula haipo. Ila mtoto anayevaa nepi haruhusiwi kuingia kwenye mabwawa ya kawaida, hata nepi za kuogelea, kwa hiyo mzazi aulize kama kuna sehemu ya maji ya watoto wachanga.

<b>Karatasi za kusafiria</b>

Hapa ndipo safari za familia zetu huharibika kabla ya kuanza. Mara nyingi familia moja huwa na watu wa aina tatu: watoto waliozaliwa Marekani, wazazi wenye green card, na bibi mwenye viza ya matembezi.

Raia wa Marekani anayeanza na kumaliza safari katika bandari ile ile ya Marekani anaweza kusafiri bila pasipoti. Mtoto wa chini ya miaka 16 huhitaji cheti cha kuzaliwa tu, na mtu mzima huongeza kitambulisho chenye picha. Wazazi wengi huishia hapo ili kuokoa fedha. Lakini wakiachwa na meli Jamaica, cheti cha kuzaliwa hakipandishi mtu ndege ya kimataifa. Siku ambayo mtoto atavunjika mkono kisiwani na kulazimika kurudi kwa ndege, pasipoti ndiyo itakayozungumza.

Mwenye green card aibebe hiyo pamoja na pasipoti ya nchi yake iliyo hai. Bibi ndiye wa kuangaliwa zaidi. Akitoka Marekani kwa meli atahitaji kuingia tena, na viza ya kuingia mara moja haimtoshi kwa njia inayopita Cayman na Jamaica. Isitoshe, kila nchi ina masharti yake kwa pasipoti ya Tanzania au Kenya, hata kama ni ya kushuka saa sita tu. Kampuni ya meli iulizwe kwa maandishi, bandari kwa bandari, kabla ya kulipa fedha zisizorudi.

Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja au na bibi peke yake abebewe barua ya ridhaa ya mzazi asiyekuwepo, iliyothibitishwa na mwanasheria au ofisa mthibitishaji. Bima ya safari pia isisahaulike, kwani bima nyingi za afya za Marekani hazifiki mbali na nyumbani, na daktari wa melini hutoza.

Siku ya kushuka, mkoba wa mzazi uwe na nakala za pasipoti, dawa za siku mbili, maji, kofia na losheni ya jua, maana ngozi nyeusi nayo huungua. Uwe pia na namba ya wakala wa meli katika bandari hiyo, ambayo kwa kawaida huandikwa kwenye ratiba ya siku. Simu ziwekwe kwenye hali ya ndegeni zikiwa melini, kwani mtandao wa meli hula fedha kimyakimya. Nguo za mabaka zinazofanana na za jeshi zibaki nyumbani hata kama ni kaptura ya mtoto. Jamaica na visiwa vingine kadhaa vinazikataza kisheria.

Sokoni Falmouth, bibi anaweza kukutana na shelisheli la kuchoma na kudhani yuko Pwani. Mti huo uliletwa Jamaica kutoka Tahiti mwaka 1793 ili kuwalisha watumwa, na hadi leo ni chakula cha kila siku. Alile hapo hapo. Matunda mabichi hayarudishwi melini, na akilificha kwenye kanga hadi Galveston, huenda maofisa wa forodha wakalichukua na kumtoza faini juu yake.