Kila Nyumba Ije na Chakula

Somo letu linatoka katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, mlango wa 11, tangu mstari wa 17 hata wa 34. Aliye na Biblia karibu na afungue. Aliye jikoni na aendelee na kazi yake, maana habari yenyewe ni ya jikoni.

Katika makanisa yetu ya huku Masimba, na Gusii yote, mara kwa mara husomwa tangazo fupi baada ya mahubiri: Jumapili ijayo kila nyumba ije na chakula, tutakula pamoja. Ni jepesi kulisoma. Lakini watu waliokaa benchi moja huondoka kila mmoja akiwa amesikia jambo lake.

Mzee husikia risaga. Zamani mwenye shamba aliwaita majirani wamsaidie kulima au kuvuna wimbi, nao wakaja na majembe yao, na kazi ilipokwisha akawapa chakula na pombe. Aliyesaidiwa leo alijua ataitwa kesho, na asiyekwenda kwa wenziwe hakuwa na uso wa kuwaita. Ilikuwa desturi njema, nayo ililisha watu wengi. Ila mzee huyu akila ndizi za jirani yake pale kanisani, moyoni huandika deni.

Mwingine husikia harambee. Tangu 1963 tumejenga shule na zahanati kwa njia hiyo, na tumezoea kwamba jina la mtu husomwa pamoja na kiasi alichotoa. Basi yeye huagiza kuku wawili wachinjwe, na hotpoti ibandikwe karatasi yenye jina. Bonasi ya majani chai ikiwa nzuri, meza hupangwa vyombo kama duka la Kisii mjini, na macho ya watu hupita yakisoma karatasi kabla ya kutazama chakula. Wa tatu husikia matembezi ya jamaa yake tu: hubeba wali wa watoto wake, huketi nao chini ya mti, hula, hufunga kikapu.

Wa nne hasikii habari za chakula hata kidogo. Husikia anaulizwa ana nini nyumbani. Huyo Jumapili ijayo haji, na akiulizwa atasema alikuwa na homa.

Lugha yetu ya Kiswahili ina maneno mawili ya zamani yanayoweza kutusaidia. Kuna kula bia, na kuna kula kikoa. (Msicheke, wapenzi, bia hii siyo ile ya chupa.) Kula bia ni kila mtu kutoa fungu lake, kikanunuliwa au kupikwa chakula, wakala waliotoa. Kula kikoa ni kulishana kwa zamu: leo kwangu, kesho kwako. Yote mawili ni mema kati ya watu wanaolingana, lakini yote mawili yana mlango mwembamba, kwa maana asiye na fungu wala zamu hana pa kuingilia. Waingereza nao wana neno lao, ambalo kwa asili lilikuwa bahati ya chungu: mgeni asiyetazamiwa alifika, akala chochote kilichokutwa jikoni. Baadaye ndipo likaja kumaanisha karamu ambayo kila mtu huleta sahani yake. Sisi twaona maana ile ya kwanza ni bora, kwa kuwa ilianza na mgeni aliyekuja mikono mitupu.

Tuje sasa Korintho. Wayunani pia walikuwa na karamu ya namna hiyo, walioiita eranos, ambayo kila mmoja alikuja na chake au akatoa mchango wake. Wakristo wa Korintho walikutana katika nyumba za watu, na Meza ya Bwana ilikuwa bado haijatengwa na chakula cha jioni. Chumba cha kulia cha nyumba kubwa kilitosha watu wachache tu waliojinyosha kwenye viti vyao, labda tisa. Waliosalia walikaa uani. Yapata mwaka 55 Mtume Paulo alipata habari kwamba wengine hutangulia kula walichokuja nacho, wakashiba na hata kulewa, hali ndugu zao wangali na njaa. Wenye nafasi walifika mapema. Mtumwa na kibarua walifika jua limekwisha kuchwa, wakakuta makombo.

Tuangalie vema alichowakemea. Hakusema chakula chao kilikuwa kidogo, wala kwamba kuku wa fulani alipita wa mwenziwe. Aliwauliza kama wanalidharau kanisa la Mungu na kuwatahayarisha wasio na kitu. Kisha akawaagiza, wakikutanika kula, wangojane. Neno alilotumia katika Kiyunani, ekdechomai, laweza kuwa kungojana, na wako wataalamu waonao kwamba hapa ni kupokeana, kama mtu ampokeavyo mgeni mlangoni. Kwetu maana hizi hazigombani. Ukimngoja mtu na sahani yako tupu mkononi, umekwisha kumpokea.

Hapa kuna neno moja linalotutatiza sisi watu wa Gusii kwa namna ya pekee, nalo ni ushirika. Mkulima wa kahawa alisikiapo neno hili huwaza chama cha ushirika: kahawa yake ipimwe, kilo zake ziandikwe, alipwe kwa kadiri alivyopeleka. Hiyo ni haki, na karani akikosea kilo mbili tutamwendea. Lakini neno lile lile twalitumia kwa Ushirika Mtakatifu, na pale kwenye reli hakuna mizani. Mwenye shamba na mchuma chai wake hupiga magoti bega kwa bega, mikono yote ikiwa wazi, na mkate ni mmoja. Baada ya dakika chache wote wawili hutoka nje kwenye meza ya hotpoti, na mizani hurudi.

Tena tusiwasahau jamaa zetu Waadventista wa Sabato. Kanisa lao lilifika Nyanza 1906, huko Gendia, na ni nyumba chache huku kwetu zisizo na shangazi au binamu kule. Wengi wao hawanywi chai wala kahawa. Mtu ambaye shamba lake lote ni chai akiona mgeni amesukuma kikombe, hudhani ametukanwa. Hakutukanwa. Na iwekwe birika ya uji wa wimbi kando ya ile ya chai, maneno yaishe.

Basi tangazo hilo litakaposomwa tena, wazee wa kanisa waangalie mambo machache. Karatasi za majina zibandikwe chini ya chombo, ili kila mtu apate chake akiondoka. Vyakula vyote, chinsaga na kuku, viwekwe mezani kabla ya yeyote kupakua. Ile desturi ya kuwatandikia wageni na wachungaji meza yao ndani ya ofisi na iachwe. Waketi na watu. Na Jumamosi jioni watoto watumwe kwa wale tunaojua hawatakuja. Nyanya akisema hana kitu cha kuleta, mtoto amjibu kwamba hakutumwa kuuliza chakula. Ametumwa kuuliza kesho wampitie saa ngapi.