Zamu ya Asubuhi katika Makazi ya Wazee

Saa kumi na mbili asubuhi, mtunzaji anayeingia zamu katika makazi ya wazee haanzi na dawa wala chai. Anaanza na shuka. Hupita kitanda kwa kitanda akiamkia, na huku mkono wake ukipapasa taratibu kujua nani amelowa, nani midomo imemkauka, nani bado amelalia upande uleule aliolazwa usiku. Mzee anayeitikia "marahaba" kwa sauti yake ya kila siku amekwisha kutoa taarifa ya kwanza ya afya yake. Asiyeitikia, au anayemwita mtunzaji kwa jina la ndugu aliyefariki zamani, naye ametoa taarifa, na huenda ndiyo itakayookoa maisha yake iwapo anayeisikia anajua maana yake.

Makala haya yanaieleza kazi hiyo kwa wanafunzi wa uuguzi na udaktari, ambao wengi wao humkuta mzee wodini kwa siku chache tu, na kwa familia zinazoifanya kazi ileile nyumbani bila mshahara wala zamu.

Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wa umri huo wapatao milioni 2.5. Walio wengi mno wanaishi na jamaa zao, na sera yenyewe inakusudia iwe hivyo. Makazi ni kimbilio la mwisho. Kwa hiyo anayefika huko mara nyingi ana historia yenye pengo. Wapo waliougua ukoma, wakatibiwa wakapona, lakini wakabaki na miguu isiyohisi; yako makazi yaliyoanza kama kambi za wagonjwa hao. Wapo walioondoka kwao wakiwa vijana kwenda kukata mkonge, wakazeeka ugenini na njia ya kurudi ikafutika. Kanda ya Ziwa wapo wanawake waliokimbia vijiji vyao baada ya kushutumiwa uchawi, pengine kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Unguja, ambako makazi ya Sebleni na Welezo yanajulikana mji mzima, tangu Aprili 2016 serikali hulipa pensheni jamii kwa wakaazi waliotimiza miaka 70, hata kama hawakuwahi kuajiriwa. Hata hivyo pesa haimwogeshi mtu.

Na kuogesha ndiko kazi inakoanzia. Mgeni hudhani kuwa ugumu wake ni uchafu au harufu. Sivyo, pua huzoea baada ya wiki mbili. Ugumu ni aibu. Binti wa miaka ishirini na minne anatakiwa kumvua nguo mwanamume mwenye umri wa baba mkwe wake, na huyo mwanamume amelelewa akijua kwamba jambo hilo halifanyiki. Watunzaji wazoefu wamepata ufumbuzi usiopatikana katika vitabu vyetu vya uuguzi: wanajifanya wajukuu, si watoto. Katika jamii zetu nyingi baina ya babu na mjukuu pana utani. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu" na hakuna anayeshangaa. Babu humtishia mjukuu wa kike kwamba atamlipia mahari. Ndani ya utani huo mwili wa mzee unaweza kuguswa bila heshima yake kuvunjika. Mtunzaji anayesema, "Babu, leo naona umejipamba, unakwenda kuposa wapi?" huku akikunja kitambaa cha kuogea, amekwisha kufungua mlango ambao amri isingeufungua.

Utani huo una mpaka wake. Upo usemi kwamba mzee hurudi utotoni, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa semi zilizoleta madhara makubwa katika kazi hii. Mtunzaji anayeuamini humsemesha mzee kama kichanga, humlisha anayeweza kushika kijiko, humvalisha anayeweza kufunga vifungo vyake mwenyewe kwa dakika kumi. Anafanya hivyo kwa haraka ya zamu, kwa nia njema. Lakini misuli isiyotumika husinyaa upesi katika umri huo, na mzee aliyelazwa kitandani kwa wiki chache kwa ajili ya kurahisisha kazi huenda asisimame tena. Dakika kumi za vifungo ni tiba.

Wakati wa kuoga ndipo ngozi inapokaguliwa. Mtu asiyeweza kujigeuza hubanwa na uzito wa mwili wake palepale ambapo mfupa uko karibu na ngozi: juu ya makalio, kwenye nyonga, visigino, vifundo vya miguu. Damu ikikosa kupita, nyama hufa, na hapo ndipo vidonda vya mgandamizo vinapoanzia. Vitabu vingi vinamfundisha mwanafunzi atafute wekundu usiofifia anapobonyeza kwa kidole. Juu ya ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, na anayeungoja atachelewa. Tumia mgongo wa mkono: je, mahali hapo ni pa moto au pa baridi kuliko ngozi ya jirani? Pamekuwa pagumu, au pamelainika kama embe lililoiva? Mzee anashtuka ukipagusa? Rangi imekoza kuliko jana? Dalili moja kati ya hizo inatosha kumwondoa mzee upande huo mara moja. Mazoea ni kumgeuza asiyejiweza kila baada ya saa mbili, na visigino huinuliwa kwa mto unaowekwa chini ya ndama, si chini ya kisigino chenyewe. Kwa aliyepona ukoma, nyayo hutazamwa kila siku, kwani anaweza kutembea na msumari ndani ya kandambili asijue.

Nirudi kwa yule mzee asiyeitikia kama kawaida, kwa sababu hapo ndipo makosa mengi hutokea, na si makaoni tu.

Tuseme ni bibi ambaye kila asubuhi huulizia bei ya dagaa. Jumatatu hakuulizia. Jumanne amelala mchana kutwa, usiku akakesha akiwafukuza kuku wasiokuwepo. Jumatano asubuhi yuko sawa, mchana hajui alipo. Hana homa. Wenzake wanasema ni uzee. Mwingine ananong'ona kwamba yamempata ya kwao. Mtunzaji aliyefundishwa hasemi lolote kati ya hayo. Anajua kwamba usahaulifu wa uzeeni huja kwa miezi na miaka, na kwamba akili inayochafuka kwa siku mbili au tatu, ikipanda na kushuka ndani ya siku moja, ni dalili ya ugonjwa wa mwili mpaka ithibitike vinginevyo. Anajua pia kuwa mwili wa mzee unaweza kubeba maambukizi makali bila kupanda joto. Kwa hiyo anaulizia mambo manyonge: amekojoa lini, na mkojo una rangi gani? Amepata choo lini? Tangu jana amekunywa vikombe vingapi? Anapumua kwa haraka? Ameanzishiwa dawa mpya? Amepimwa malaria na sukari? Nyuma ya kuku wale wa usiku huenda pana nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, choo kilichoganda, kibofu kilichojaa kisichofunguka, au upungufu wa maji tu, kwa kuwa hisia ya kiu hupungua kadiri umri unavyosonga na mzee anaweza kukauka huku mtungi ukiwa karibu naye.

Daktari atakayemwona bibi huyo Jumatano asubuhi, katika saa yake nzuri, ataandika kwamba anajibu vizuri na kumrudisha. Ni mtunzaji peke yake anayejua kuwa hajaulizia dagaa. Akifika kituo cha afya na habari hiyo, imeandikwa kwa siku na saa, bibi atapimwa na kutibiwa. Akifika na neno "amechanganyikiwa" tu, huenda akarudi na dawa ya usingizi itakayomzidishia.

Dawa zina mkasa wake. Vidonge vya mafua vinavyouzwa kila duka la dawa, vile vya klorofeniramini, humlaza kijana kidogo. Mzee vinaweza kumfunga mkojo na kumvuruga akili. Diklofenaki ya kutuliza magoti inaweza kuumiza figo na tumbo na kupandisha presha aliyokuwa akitibiwa. Dawa za presha zenyewe humfanya apate kizunguzungu anapoinuka ghafla, na ndiyo sababu mtunzaji humketisha ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili kabla ya kumsimamisha. Mzee akianguka akavunjika nyonga, mara nyingi hairudii hali yake ya zamani.

Kuhusu chakula nitasema machache. Mgonjwa wa kiharusi hulishwa akiwa ameketi wima, kwa kijiko kidogo, na hubaki ameketi nusu saa baada ya kula. Akikohoa kila anywapo maji, au sauti yake ikiwa kama ya mtu mwenye maji kooni, asilazimishwe. Muuguzi aitwe.

Jioni, jua linapozama, baadhi ya wale wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu huanza kufunga virago. Wanataka kwenda nyumbani. Watoto wanangoja, ng'ombe hawajafungwa. Mtunzaji mgeni hubishana: watoto wako ni watu wazima, ng'ombe hakuna. Mzee hulia au hupiga, kisha baada ya robo saa huanza upya, naye mtunzaji amechoka. Mzoefu huuliza ng'ombe walikuwa wangapi. Huuliza yule mkorofi aliitwa nani. Wanazunguka ua pamoja, na mara nyingi mguu huchoka kabla ya hamu, wakarudi wakakaa. Je, huko ni kumdanganya mzee? Wenzangu kadhaa wanaona hivyo. Mimi naona anachokieleza mzee ni hofu na upweke zaidi kuliko ng'ombe, na hofu haiondolewi kwa tarehe za kalenda.

Mtunzaji mwenyewe hana wa kumkagua ngozi. Mgongo ndio unaotangulia kuvunjika: kumwinua mtu mzima kwa kumkumbatia chini ya kwapa, mara nyingi kwa siku, huumiza uti wa mtunzaji na bega la mzee pia. Watu wawili na shuka imara iliyokunjwa chini ya kiuno cha mzee huweza kumsogeza bila kumnyanyua, magoti ya wavutaji yakiwa yamekunjwa na migongo imenyooka. Usiku, mtunzaji anapobaki peke yake na vitanda vingi, hakuna wa pili. Hapo kanuni zetu hugongana na orodha ya zamu, na si haki kumlaumu yeye.

Kisha kuna vifo. Mtunzaji huweza kumwogesha mtu kila siku kwa miaka minne, akajua kovu la goti lilitoka wapi, na asubuhi moja akamwosha kwa mara ya mwisho pamoja na wenzake wa dini ya marehemu. Hahesabiwi kuwa mfiwa. Hapewi siku za matanga, kwani si ndugu. Mara nyingine ndugu hakutokea hata mmoja. Godoro hupigwa jua, mpira wa kutandika husuguliwa kwa sabuni, na daftari la zamu hufunguliwa ukurasa mpya. Katika vituo vichache wasimamizi wameanza kuwapa waliomhudumia marehemu nusu saa ya kukaa pamoja na kumzungumza kabla ya kitanda kutandikwa tena. Haigharimu kitu. Aliyewahi kukaa katika nusu saa hizo anajua kwamba huishia kwa kicheko, kwa sababu utani wa babu na wajukuu hauishi siku ya maziko.