Jeli ya Kunasa Rangi Ijaribiwe kwa Maji ya Mtaroni

Majaribio mengi ya kusafisha maji kwa jeli hutumia rangi moja, buluu ya methilini, iliyotengenezwa Ujerumani na Heinrich Caro mwaka 1876. Ni rahisi kuipima na, bahati ya mtafiti, molekuli zake zina chaji chanya. Karajinani, jeli itokanayo na mwani kama ule unaolimwa Zanzibar kibiashara tangu 1989, ina salfeti zenye chaji hasi. Tia punje zake kwenye chupa ya maji ya buluu, tikisa, acha: punje hukolea rangi, maji yakazidi kung’aa. Hapo hakijachujwa kitu. Jeli yenyewe imejaa maji, kwa hiyo rangi hupenya ndani polepole na kunasa kwenye nyuzi zake, hasi ikivuta chanya. Inapendeza kutazama, ila tatizo la mtaro unaopokea rangi za vitambaa liko palepale.

Rangi nyingi zinazotumika leo kwa vitambaa vya pamba, batiki zikiwamo, zina chaji hasi. Zisiposhika uzi humwagwa, na karajinani huzisukuma badala ya kuzivuta. Kinachofaa ni kitosani, inayotengenezwa kwa maganda ya kamba na kaa, ambayo kwenye maji yenye asidi kidogo huwa na chaji chanya. Lakini wapiga rangi hutia magadi ili rangi ishike, na chumvi nyingi juu yake. Katika maji hayo ya magadi kitosani hupoteza chaji, nayo chumvi hugombania nafasi zilizobaki. Dawa ni kupunguza makali ya magadi kwa asidi kabla ya kutia jeli, tena kwa kipimo, maana kitosani isiyoimarishwa huyeyuka hata kwenye siki. Hatua hiyo ni gharama, na mtu anayesifu jeli bila kuitaja hajamaliza hesabu.

Atakuwepo wa kuuliza: kwa nini tusitumie mkaa ulioamilishwa wa vifuu vya nazi? Swali la haki, kwa sababu mkaa hunasa rangi za aina nyingi. Udhaifu wake uko kwenye kuutumia tena: ule wa unga ni shida kuutenganisha na maji, na kuuhuisha kunahitaji tanuri kali. Punje za jeli huokolewa kwa chujio na kuoshwa kwa maji ya magadi, ambayo huiachisha kitosani rangi iliyonasa. Rangi hiyo haijaangamia, imehamia kwenye ndoo ndogo ikiwa nzito zaidi, na baadhi ya rangi za jamii ya azo zikivunjika hutoa kemikali zinazoweza kusababisha saratani. Kwa hiyo jaribio la kuaminika lingechota maji ya pipa la mpiga rangi, na magadi na chumvi yake, lipime punje zilezile baada ya kuoshwa mara nyingi, kisha liseme ile ndoo ilipelekwa wapi.