Nani Atashika Mkia?



Kikundi kikianza kuajiri watu wa kitalu cha miche, wa mashine ya kusaga au wa kupokea maziwa, swali huja mbele ya kamati: tufanyeje ili wafanye kazi kwa bidii? Wengine husema, "Tuwapange kama watoto wa shule. Wa kwanza apewe zawadi, anayeshika mkia aende nyumbani." Kabla hatujapitisha neno hilo, tuangalie wakubwa waliolijaribu.

Huko Marekani, Jack Welch aliongoza kampuni ya General Electric kuanzia 1981 mpaka 2001. Wakuu wa idara walitakiwa kugawa watu wao mafungu matatu: asilimia 20 walio bora, asilimia 70 wa katikati, na asilimia 10 wa chini. Wa juu walituzwa vizuri. Wa chini walitakiwa kuondoka. Makampuni mengi yaliiga.

Microsoft, kampuni ya programu za kompyuta, nayo ilikuwa ikiwapanga watu wake. Hapo shida ikaonekana. Hata kikosi kizima kikifanya vizuri, lazima mtu fulani aitwe dhaifu. Mwaka 2012 wafanyakazi walimweleza mwandishi mmoja wa habari kwamba fundi hodari alikwepa kufanya kazi na mahodari wenzake, asije akashushwa. Wengine walificha waliyoyajua. Kumbe walikuwa wakishindana wao kwa wao, badala ya kushindana na makampuni mengine! Novemba 2013 kampuni ikafuta mpango huo.

Sasa turudi kwetu. Tuseme mna watu watatu kitaluni, na mmoja anajua sana kupandikiza miembe. Mkiwapanga, je, atamfundisha mwenzake? Akifanya hivyo, anajishusha mwenyewe. Basi atanyamaza, miche ya mwenzake itakauka, na hasara ni ya kikundi.

Na yule wa mwisho, pengine si mvivu. Labda sehemu yake iko mbali na maji. Edwards Deming, Mmarekani aliyewafundisha Wajapani kuboresha kazi za viwanda tangu 1950, alisisitiza kwamba makosa mengi hutokana na jinsi kazi yenyewe ilivyopangwa, si mfanyakazi. Ukimfukuza huyo, atakayekuja atakuta maji yako mbali vile vile.

Hatusemi mvivu aachwe tu. Tunasema hivi: mpimeni kila mtu kwa kazi mliyopatana naye, si kwa mwenzake. Akikosea, mwambieni mapema, faraghani, na mumwulize kinachomzuia. Faida ikipatikana, zawadi iwe ya wote, maana kidole kimoja hakivunji chawa.

Maswali ya kujadili kikundini:

1. Katika kazi yetu, ni nani anajua jambo ambalo wengine hawajafundishwa? Kwa nini?

2. Mtu wetu wa mwisho anakosa bidii, au anakosa maji?

3. Mara ya mwisho tulipotoa zawadi, wengine walijisikiaje?