Mtaalamu wa Takwimu Aitwe Mapema

Nchi ya mpakani, kutoka Busia hadi Tororo, ni miongoni mwa sehemu za Afrika ya Mashariki zilizotembelewa mno na watafiti wa vyuo vikuu. Kwa muda unaozidi miaka 25 wamepita humo wakichunguza minyoo matumboni mwa watoto, malaria katika damu, na maradhi ya ng'ombe. Wenyeji, wakiwamo Wasamia na Wateso wanaoishi pande zote mbili za mpaka, wamejibu maswali yao, wamenyoosha vidole vitobolewe, na wamewafunga ndama wao ili watolewe damu. Yafaa basi kuulizwa kama tarakimu zilizopatikana kwa taabu hiyo zimehesabiwa sawasawa.

Desturi iliyozoeleka ni kwamba mwanafunzi wa shahada ya juu humwendea mtaalamu wa takwimu mwishoni. Amekwisha kurudi Nairobi au Kampala, mabunda ya karatasi za maswali yamejaa chumbani, fedha zimekwisha, na siku ya kutoa tasnifu imekaribia. Analolitaka ni jedwali la kuwaridhisha wakuu wake. Mwingereza R. A. Fisher, aliyeasisi mengi katika elimu hii, aliwaambia wataalamu waliokutana India mwaka wa 1938 kwamba mtakwimu aitwaye baada ya jaribio kwisha ni kama daktari aliyeletewa maiti: pengine ataweza kueleza kilichomwua, lakini hawezi kumponya.

Kosa linaloua tafiti nyingi si la kuzidisha wala kugawanya. Ni kutojua ni kitu gani kinachohesabiwa. Watoto wa shule moja hunywa maji ya kisima kimoja na hucheza katika uwanja mmoja. Kwa hiyo hali zao hufanana. Mtafiti akiwapima watoto 20 katika kila shule kati ya shule 10, hujivunia kwamba amewapima watoto 200. Lakini kama kadiri ya kufanana kwao ni sehemu moja tu kwa kumi, hesabu huonyesha kwamba watoto hao 200 wana uzito wa watoto 69 waliochaguliwa mmoja mmoja. Laiti angaliwapima watano watano katika shule 40, watoto wale wale 200 wangalikuwa na uzito wa 143. Idadi ya watoto haikubadilika hata kidogo, na jambo hili huweza kuelezwa kwa muda mfupi na mtu anayelijua, mradi aulizwe kabla ya gari kuondoka.

Tafiti kubwa zilizofanywa mpakani zililizingatia jambo hilo. Uchunguzi wa ndama 548 uliofanywa Busia na jirani zake upande wa Kenya, kuanzia mwaka wa 2007, uliwachagua ndama hao kutoka kata ndogo 20, wakafuatwa kwa muda wa mwaka mmoja hivi tangu kuzaliwa. Huko Tororo, ambako malaria ilikuwa kali kupita kiasi, jaribio la kuboresha vituo vya afya halikugawanya wagonjwa bali vituo vyenyewe: 10 vilipewa mafunzo na vifaa, na 10 vikaachwa kama vilivyokuwa, ili vilinganishwe.

Lakini kisa chenye mafunzo zaidi ni kile cha dawa za minyoo katika tarafa za Budalangi na Funyula, Busia. Shule 75, zenye wanafunzi wapatao 30,000, ziligawanywa katika makundi matatu. La kwanza lilianza kupata dawa mwaka wa 1998, la pili 1999, na la tatu 2001. Edward Miguel na Michael Kremer walitangaza mwaka wa 2004 kwamba utoro ulipungua kwa kadiri ya robo, na kwamba hata watoto wa shule jirani zisizopewa dawa walinufaika. Kremer alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 2019.

Hata hivyo mwaka wa 2015 wataalamu wa chuo cha tiba cha London, wakiwa wamekabidhiwa tarakimu zile zile na wenyewe waliozikusanya, walizihesabu upya. Waligundua kosa katika maagizo yaliyopewa kompyuta: shule zote za jirani hazikuwa zimehesabiwa. Kosa liliposahihishwa, faida iliyodaiwa kwa shule zilizo umbali wa kilomita 3 hadi 6 haikuthibitika tena. Watafiti wa kwanza walikiri kosa hilo, lakini walishikilia kwamba matokeo makuu yamesimama. Wengine walihoji pia namna shule zilivyogawanywa, kwa kuwa hazikupigiwa kura. Ziliorodheshwa na kuhesabiwa moja, mbili, tatu. Mabishano yalikuwa makali, na mengine hayajakwisha. Kufungua madaftari kwa wengine kulikuwa tendo la heshima, nalo ni adimu.

Mwanafunzi wa kawaida hana jopo la London la kumsahihisha. Makerere imekuwa na taasisi ya takwimu tangu mwaka wa 1969, na Dar es Salaam ina kituo cha mafunzo ya takwimu. Lakini kufundisha takwimu ni kazi moja, na kukaa mezani na mtafiti wa kilimo au uuguzi ni nyingine. Pengo hilo limejazwa na vijana wenye kompyuta kandokando ya vyuo, wanaochambua tarakimu za mtu yeyote kwa malipo bila kuuliza zilipatikanaje. Si haki kuwalaumu wao peke yao. Mteja aliyekosa mshauri chuoni atamtafuta popote.

Mpakani kuna ugumu mwingine. Upande wa Kenya mtafiti huchagua kata ndogo, yenye naibu wa chifu. Upande wa Uganda huchagua kijiji, chenye mwenyekiti wake wa baraza, ambacho kwa kawaida ni kidogo zaidi. Akitwaa 10 huku na 10 kule, amelinganisha visivyolingana. Tena mgonjwa anayetibiwa upande mmoja huenda analala upande wa pili, na asipoulizwa anakolala ataandikwa kuwa mwenyeji wa mahali asipoishi. Hayo hurekebishwa kwenye karatasi ya maswali kabla haijapigwa chapa.

Sasa eneo hilo lina vyuo vyake lenyewe. Busitema ilianzishwa mwaka wa 2007 upande wa Uganda, na Alupe ilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka wa 2022 upande wa Kenya. Kutoka kimoja hadi kingine ni safari ya asubuhi moja, na mshauri mmoja wa takwimu angeweza kuvihudumia vyote viwili kwa zamu, kwa kuwa vijiji vinavyochunguzwa ni vya jirani na ndugu.