Travatino, Marumaru na Kigae: Istilahi za Mawe ya Sakafu na Kuta

Neno moja likibebeshwa vitu vitatu, hati hupotoka kabla fundi hajashika mwiko. Ndivyo lilivyo neno “marumaru”. Kamusini ni jiwe la asili ling’arishwalo. Madukani ni kigae cha udongo uliochomwa. Na katika tafsiri nyingine huwekwa hata mahali pa travatino. Tuseme halmashauri yatangaza zabuni ya zahanati huko Lulindi, wilayani Masasi, na hati yataka “sakafu ya marumaru”. Mzabuni mmoja atapiga hesabu ya vigae, mwingine ya mawe ya kuchongwa. Bei zao hazitalinganishika, na fedha ya umma yaweza kununua kisichokusudiwa.

Hapana budi, basi, kuvitenga vitu hivi. Marumaru ni jiwe la chokaa lililogeuzwa na joto na mgandamizo ardhini. Travatino nayo ni jiwe la chokaa, lakini huzaliwa na chemchemi: maji yenye chokaa iliyoyeyuka yatokezapo juu hupoteza hewa ya ukaa, na chokaa huganda tabaka juu ya tabaka. Viputo vya hewa na majani yaliyooza huacha vishimo. Hapa Tanzania hupatikana penye chemchemi za maji moto za bonde la Songwe, magharibi ya mji wa Mbeya.

Jina lake latokana na Tibur, ambao leo ni mji wa Tivoli, karibu na Roma. Tumependelea kulitohoa kuliko kusema “jiwe la chemchemi”, kwa kuwa maneno hayo yaweza kumaanisha jiwe lolote liokotwalo chemchemini.

Kwa kazi ya kumalizia uso wa jiwe twapendekeza istilahi hizi:

(a) kujaza: kuziba vishimo kwa saruji au gundi maalumu;
(b) kusugua: kulainisha uso bila kuutia mng’ao;
(c) kung’arisha: kuulainisha mpaka uakisi mwanga.

Tofauti hizi si za maneno matupu. Sakafu ya ndani yafaa travatino iliyojazwa na kusuguliwa, maana vishimo vilivyo wazi huficha uchafu. Barazani na uani isitumike iliyong’arishwa, kwani ikilowa mvua huteleza. Vitabu vya Ulaya huonya pia juu ya maji yanayoganda vishimoni na kupasua jiwe. Mtafsiri akumbuke kwamba onyo hilo halina kazi Masasi. Huku lifaalo ni onyo juu ya uchachu: siki, ndimu, hata maji ya mabibo wakati wa msimu wa korosho, hula chokaa na kuacha madoa. Marumaru nayo hudhurika vivyo hivyo. Penye dawa kali yafaa zaidi itale, ambayo ni jiwe gumu. Tone la siki laweza kumsaidia mkaguzi: juu ya jiwe la chokaa hutoa povu, juu ya itale halitoi.

Kwa hiyo hati isitaje jina pekee, bali jiwe, umalizio na mahali; kwa mfano: “travatino iliyojazwa na kusuguliwa, kwa sakafu ya ndani”. Tungefurahi kupokea kutoka kwa walimu na maofisa wa Masasi na Newala maneno ambayo mafundi wa huko huyatumia kwa mawe haya, ili yapimwe pamoja na mapendekezo yetu.